Sanduku la Ishirini na Tatu

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987, saa sita na robo mchana, watu wanne waliteremka kutoka katika boti ya mwezi, ijayo mara moja tu kila mwezi, na kukanyaga gati la kisiwa: mume, mkewe, binti yao wa miaka minane, na mama mzazi wa mke. Waliwakuta hapo wenyeji wanne: daktari wa ndege, ambaye alikuwa mwanamke wa makamo na ndiye mkuu wa kituo, mpishi, na askari wawili wa wanyamapori, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Jumla watu wanane. Ndege walioitwa makarani, ambao kwa ajili yao kituo kilijengwa, walikuwa mia moja arobaini na watatu kwa hesabu ya mwezi uliotangulia, na hawakuwapo mahali pengine popote. Paka hakuwapo, mbwa hakuwapo. Panya hakuwapo hata mmoja, na kutokuwapo kwake ndiko kulikowaweka hai makarani hao, kwa maana ni ndege wasiojua kuruka, wanaotaga chini kwenye majani, na wasiokimbia wanapofikiwa.

Mume huyo alikuwa na miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametunza ghala la vitabu vya shule, na walimu walimpa jina la Bwana Vema, kwa kuwa hakutoa hata boksi moja la chaki bila kuweka mbele yake alama ya vema kwa wino mwekundu. Ghala lilipofungwa alikaa nyumbani miezi saba. Katika miezi hiyo alijifunza kwamba mwanamume asiye na pa kwenda asubuhi ni mzigo kwa ufagio wa mkewe. Kila unakopita humkuta ameketi huko huko.

Tangazo aliliona katika gazeti lililofungia sabuni. Alitakiwa mtunza stoo na mkaguzi wa mizigo, kisiwani, nyumba ya vyumba vitatu, familia inaruhusiwa. Kaka yake alicheka mpaka akashika ukuta.

"Unakwenda kulinda kuku?"

"Si kuku."

"Wanaruka?"

"Hawaruki."

"Wanataga chini?"

"Wanataga chini."

"Basi, mdogo wangu, hao ni kuku wenye barua ya serikali."

Alicheka peke yake. Bwana Vema alikuwa amekwisha kuandika maombi nakala tatu.

Kabla ya kusafiri alifunzwa kazi kwa wiki mbili katika makao makuu, na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza. Hakuna kitu kinachoingia kisiwani bila kupitia chumba cha ukaguzi kilichopo mwisho wa gati, chumba chenye mlango wa chuma na kisicho na ufa wa kupitisha penseli. Humo kila mzigo hufunguliwa, humwagwa wote juu ya meza nyeupe, hukung'utwa, hupangwa upya, kisha mkaguzi hutia sahihi. Mwalimu wake alimwambia neno moja ambalo aliliandika na kulipigia mstari: panya mmoja jike mwenye mimba anatosha.

Mizigo ya kwanza aliyoikagua ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa ishirini na mitatu. Mkewe alikuwa amelala juu ya benchi la nje, uso umempauka kwa kichefuchefu cha bahari. Daktari alikuwa amekwenda msituni kuhesabu ndege. Askari wawili walisimama kando wakisaidia kubeba. Bwana Vema alimwaga magunia, akakung'uta magodoro, akafungua hata cherehani ya mama mkwe wake na kuchungulia tumboni mwake kwa tochi. Alitia vema ishirini na mbili. Likabaki sanduku la bati, la mama mkwe.

"Hilo liache, mwanangu," alisema mama. "Lina nguo zangu za mwilini. Hazijaonwa hata na daktari wa hospitali."

Askari mrefu akageukia baharini ghafla, kana kwamba ameitwa. Askari mfupi akatazama viatu vyake. Bwana Vema alisimama na kalamu mkononi, jasho likimtiririka nyuma ya masikio. Mkwe ni mkwe. Mtu hawezi kuzimwaga nguo za ndani za mama mzaa mkewe juu ya meza nyeupe mbele ya wanaume wawili. Angeweza kusubiri saa moja tu, mkewe apate nafuu au daktari arudi, na mwanamke mwenziwe alifungue. Lakini mwenye boti alikuwa akipiga honi kwa kuogopa maji kupwa, na mtoto alikuwa akilia njaa. Aliinua kifuniko kwa vidole vinne, akaona kitambaa chenye maua ya zambarau kimekunjwa vizuri, akashusha kifuniko. Akatia vema ya ishirini na tatu, na sahihi.

Tangu alipoanza kazi ya kuhesabu vitu vya watu, hiyo ilikuwa sahihi yake ya kwanza iliyosema uongo. Aliliona jambo hilo kuwa dogo, akalala vizuri kwa siku tatu.

Jumanne, wakati wa chai ya asubuhi, mama mkwe alimwuliza mjukuu wake:

"Wewe bibi mdogo, sabuni yangu umeitafuna?"

"Mimi sili sabuni, Bibi."

"Basi nani? Ina meno."

Bwana Vema aliweka kikombe chini bila kukipeleka mdomoni. Aliomba ruhusa, akaingia chumbani kwa mama, na safari hii hakuona haya. Alilimwaga sanduku lote kitandani. Pembe moja ya chini ilikuwa imeliwa na kutu, ikaacha tundu la kupitisha mayai mawili ya kuku kwa pamoja. Ndani ya pembe hiyo vipande vya kitambaa vilikuwa vimechanwa na kuviringwa mfano wa kata ya kubebea mzigo kichwani. Juu yake zilikuwapo punje za kinyesi, nyeusi, ndefu, zilizochongoka ncha. Alizihesabu. Zilikuwa thelathini na moja. Kiota kilikuwa tupu, na kilikuwa baridi.

Mama alikuwa fundi cherehani mjane, na sanduku lake lilikuwa limekaa wiki mbili katika stoo ya bandarini likisubiri boti. Alisimama mlangoni, akaangalia kitandani, wala hakuhitaji kuelezwa.

"Ni mmoja?" aliuliza.

"Sijui, mama."

"Ni jike. Dume hajitandikii."

Mkewe alipotoka jikoni, Bwana Vema alifunga mlango na kumweleza kwa sauti ya chini. Mke alikaa juu ya ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti.

"Utasema?"

"Nitamkamata kwanza. Nikimkamata, nitasema na ushahidi mkononi."

"Na usipomkamata?"

"Nitamkamata."

"Ukisema, mume wangu, utamtaja mama."

"Nitataja sanduku."

"Sanduku lina mwenyewe. Na sisi tukifukuzwa hapa, tunarudi wapi? Kwa kaka yako anayecheka?"

Kila siku saa moja asubuhi redio ya upepo ilifunguliwa, na mtunza stoo ndiye aliyesoma taarifa ya kisiwa kwa makao makuu, huku vituo vingine vinne vikisikiliza na kusubiri zamu yao. Fomu ilikuwa na maswali kumi na moja, kuhusu mvua ya jana, mafuta yaliyobaki na mengineyo. Swali la saba lilikuwa: dalili za panya? Mkaguzi aliyemtangulia alikuwa amejibu "hakuna" kwa miaka sita, akalijibu kwa mazoea kama mtu anavyoitikia salamu. Jumatano, tarehe 18, Bwana Vema alisema "hakuna". Alhamisi alisema "hakuna", na sauti yake ikamtoka nyembamba hata dada wa redio, aliyepokea taarifa makao makuu, akamwuliza kama ana mafua.

Siku hizo mbili alifanya kazi mara mbili. Alificha mitego miwili chini ya kitanda na mmoja nyuma ya debe la unga. Alinyunyiza majivu sakafuni ili aone nyayo, akaona za mkewe. Mpishi, mtu mnene asiyeacha neno lipite bila kulipa jina, alianza kumwita Bwana Chini, kwa jinsi alivyomkuta kila mara ameinama akitazama uvunguni.

"Umepoteza nini, Bwana Chini? Sema tukusaidie."

"Sarafu."

"Sarafu! Hapa hakuna hata duka. Ukiiona utainunulia nini, kaa?"

Hofu yake ilikuwa ya kihesabu. Panya hubeba mimba siku ishirini na moja au ishirini na mbili. Huzaa sita, nane, pengine kumi. Na watoto hao baada ya miezi mitatu huzaa wao. Alikokotoa nyuma ya fomu iliyoharibika. Alipofika mwezi wa Desemba, nafasi ya kuandika ikaisha kabla ya hesabu.

Alhamisi mchana daktari alimchukua msituni kumwonyesha mahali pa visanduku vya nta. Hivyo vilikuwa visanduku vidogo vya mbao, mia mbili kwa idadi, vilivyotawanywa kisiwa kizima, na ndani ya kila kimoja kipande cha nta iliyochanganywa na karanga zilizosagwa. Panya hawezi kuipita nta hiyo bila kuiuma, na meno yake huacha mifereji miwili midogo inayokwenda sambamba. Kaa huacha mikwaruzo isiyo na mpango. Njiani daktari alisimama, akapiga magoti. Mbele yake karani alikuwa amelalia yai, manyoya ya kijivu, shingo nyeupe mfano wa kola. Daktari alipeleka kidole taratibu akamgusa mgongo. Ndege hakusogea. Alimtazama tu, kichwa upande, kama karani wa mahakama anayesubiri upande wa pili umalize kusema.

"Msimu umeanza," alisema daktari. "Hili ni yai la tisa. Unaona? Hajui kuogopa. Hakuna aliyepata kumfundisha."

Bwana Vema alisema anaona.

Ijumaa asubuhi alisema "hakuna" kwa mara ya tatu. Ijumaa alasiri alifungua kisanduku cha arobaini na moja, hatua mia tatu kutoka nyumbani kwake, upande wa msitu. Katika nta ilikuwapo mifereji miwili, midogo, sambamba. Aliketi chini hapo hapo juu ya majani. Panya alikuwa ametoka nyumbani, na mitego ya uvunguni haikuwa na maana tena. Sasa kila saa ya ukimya wake ilikuwa ni saa ya panya.

Jumamosi, saa moja kamili, alikaa mbele ya redio. Daktari alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, kama alivyozoea mwisho wa juma.

"Sita, mafuta ya jenereta?" aliuliza dada wa redio.

"Madebe manne na nusu."

"Saba, dalili za panya?"

Bwana Vema aliweka kalamu juu ya fomu.

"Kisiwa, namba saba. Dalili za panya?"

"Ndiyo."

"Kaka, mawimbi mabaya leo. Nimesikia ndiyo. Rudia."

"Umesikia sawasawa. Dalili zipo. Zilikuwapo tangu Jumanne. Taarifa zangu tatu za Jumatano, Alhamisi na Ijumaa hazikuwa za kweli. Aliingia katika mizigo. Mkaguzi ni mimi."

Redio ilikoroma yenyewe kwa muda. Vituo vinne vyote vilikuwa vikisikiliza. Kisha dada wa redio akasema, kwa upole uliomuumiza zaidi, "Nimeandika. Nane, maji ya tangi?"

Alimaliza maswali yote kumi na moja. Alipogeuka, daktari alikuwa ameweka kikombe juu ya meza.

"Katika sanduku la nani?"

"Mizigo ya nyumbani kwangu, Daktari. Mkaguzi ni mimi."

"Sijauliza mkaguzi ni nani. Nimeuliza sanduku."

"Langu," ilisema sauti ya mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama hapo, na hakuna aliyejua alikuwa amefika saa ngapi. "Alitaka kulifungua nikamkataza."

"Hukunikataza, mama. Uliniomba. Sahihi ni yangu."

"Siku tatu!" daktari alisema, bila kumtazama mama. "Mzigo ningekusamehe. Hata mimi nina mkwe. Lakini siku tatu, Bwana Mkaguzi! Umemwona yule ndege. Umesimama pale na mimi ukamwona."

Bwana Vema alikwenda stoo kutoa mitego. Kabla ya saa mbili watu wote wanane walikuwa wakibeba mitego.

Sumu haikuweza kutumika, kwa sababu makarani hula kila kinachong'aa, hata vidonge vya sumu. Mitego ya kubana nayo ingewavunja shingo. Ilibaki mitego ya kizimba, sitini kwa idadi, iliyofungwa juu ya vigingi ili ndege wasiifikie. Walakini karani mmoja aligundua namna ya kupanda kwa kutumia gogo, akawa anaingia, anakula chambo, anasubiri kufunguliwa. Askari mfupi alimfungua mara tano kwa siku moja.

"Huyu anataka kuajiriwa," alisema.

"Mwambie nafasi ya mkaguzi iko wazi," alijibu mpishi, kisha akaona Bwana Vema yupo, akashika mdomo. "Samahani, mzee. Ulimi hauna mfupa."

"Umesema kweli," alijibu Bwana Vema, akaendelea kufunga kamba.

Siku sita zikapita bila kitu. Asubuhi na alasiri alivizunguka visanduku vyote mia mbili. Mikwaruzo ya kaa ilimdanganya mara nyingi. Alianza kuona mistari miwili katika mbao za meza, katika mkate uliokatwa, katika kucha zake. Binti yake alimwuliza kwa nini wanamhesabia panya mmoja mambo mengi hivyo. Akamwambia: kwa sababu hatujui kama ni mmoja. Ijumaa, tarehe 27, walikuta viota vinne vimevunjwa, maganda ya mayai yametobolewa ubavuni. Kiota kimojawapo kilikuwa kile alichoonyeshwa na daktari. Karani alikuwa bado amelalia maganda.

Jioni ya siku hiyo mama mkwe alisema, huku akiendelea kushona kifungo:

"Mnamwekea chakula wakati chakula amekipata. Nimeshona miaka thelathini. Panya ninawajua kuliko wakwe zangu. Aliyezaa hatafuti chakula tu. Anatafuta tandiko. Kuna mvua, tandiko lake limelowa. Mwekeeni pamba."

Daktari alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya redio. "Pamba hatuna, mama."

Mama alichukua mkasi, akaupasua mto wake wa kulalia.

Walibadilisha chambo katika mitego yote. Jumapili, tarehe 29, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mtego wa kumi na saba, nyuma ya nyumba ya askari, ulikutwa umefungwa. Ndani yake alikuwamo panya wa kahawia, mnono, pamba imemjaa mdomoni. Askari walipiga kelele za furaha. Mpishi alikuja na mwiko mkononi. Daktari alivaa glavu, akamgeuza chali, naye hakushangilia.

"Ananyonyesha," alisema.

Kelele zikakatika. Maana yake walijua wote: mahali fulani, chini ya jani au ndani ya ukuta, walikuwapo wengine, na hakuna aliyejua idadi yao wala siku watakayofumbua macho.

Walitafuta kutwa. Jumatatu mvua ilinyesha, na askari mrefu akakumbuka mabuti yake ya mpira yaliyokaa barazani tangu mwezi wa Januari. Aliingiza mguu mmoja, akautoa kwa ukelele uliosikika gatini.

"Lina joto! Buti lina joto!"

Bwana Vema ndiye aliyelifungua, kwa kisu, kuanzia juu hadi kidoleni. Kilikuwamo kitambaa cha maua ya zambarau, pamba mpya, na watoto sita, manyoya yameanza kuwaota. Daktari alimaliza kazi inayotakiwa kumalizwa. Kisha wakabaki wamesimama mvuani wakiangalia ile nafasi tupu ndani ya buti, kila mtu akipima kwa jicho kama ilitosha sita tu, au saba, au nane.

"Huwa wangapi?" aliuliza Bwana Vema, ingawa alijua.

"Sita. Nane. Kumi," alisema daktari. "Tutajua baada ya miezi sita. Kisanduku kisipoumwa kwa miezi sita, ndipo nitalala."

Boti ya mwezi ilirudi Jumamosi, tarehe 11 Aprili, ikiwa na barua ya kurasa mbili. Bwana Vema ameondolewa katika ukaguzi wa mizigo. Kibali cha familia yake kukaa kisiwani kimefutwa, nao warudi kwa boti hiyo hiyo. Yeye atabaki miezi sita kuvikagua visanduku vya nta, kwa kuwa, mbali na daktari, hakuna mwingine aliyevijua vyote. Baada ya hapo mkataba wake utakwisha, ila kama daktari ataandika vinginevyo. Daktari aliisoma barua naye akamrudishia.

"Mimi sikuomba wafukuzwe," alisema. "Wala sikuomba wasifukuzwe."

"Naelewa, Daktari."

Gatini mkewe alimpa shati moja lililopigwa pasi na orodha ya madawa.

"Utakula nini?"

"Atakula ninachopika," alidakia mpishi. "Asipokufa mwezi wa kwanza, hatakufa tena."

Mke hakucheka. Alimshika mumewe mkono, kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi mbele za watu. "Ungesema Jumanne," alisema, "mimi ndiye niliyekuzuia."

"Hukunizuia."

"Hakuna aliyekuzuia. Basi ni nani?"

Binti alitaka kujua kama baba atarudi kabla ya siku yake ya kuzaliwa, akaambiwa kwamba haitawezekana. Mama mkwe alikuwa wa mwisho kuingia botini. Alisimama mbele ya mkwewe, akamtazama usoni, jambo ambalo walikuwa hawajafanya kwa miaka kumi.

"Nisamehe, mwanangu."

"Kosa halikuwa lako, mama."

"Najua. Lakini nisamehe hivyo hivyo."

"Nimesamehe, mama. Nawe nisamehe."

Boti iliondoka saa nane na dakika ishirini. Bwana Vema hakusubiri ipotee. Visanduku vya upande wa mashariki vilikuwa havijafunguliwa siku hiyo. Aliporudi aliandika katika kitabu cha kituo, kwa wino wa bluu, kama ifuatavyo.

Watu: watano. Makarani: mia moja arobaini na mmoja, wawili hawajaonekana tangu tarehe 27. Viota vyenye yai: kumi na viwili. Panya waliouawa: saba. Panya waliobaki: haijulikani. Dalili: hakuna, kwa siku kumi na mbili.